Mchanga Niliouosha

Siku ile tulikuwepo hawa: Bi Mwanaidi, mwenye mapipa. Baba Kevo, muuza nyama wa Soko la Burma, aliyekuja na koti lake jeupe la kazi bado lina damu. Mama Shiro, mpika chapati wa kona, na dada yake mgeni ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Njoro wa mkokoteni. Ndinda, mdogo wangu wa miaka tisa. Mutiso, kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni kwa leso ya marehemu mama kwa sababu kuharisha kulikuwa kumemmaliza nguvu za kutembea. Na mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye maneno yangu mawili yangetosha kuwarudisha wote makwao.

Wengine wanaosema walikuwepo walifika baadaye, mapipa yameshalala chini. Nimewahi kuwasikia wakisimulia kwenye foleni za maji, wakiongeza chumvi, na sikuwasahihisha. Waliokuwepo ni hao niliowataja.

Juzi lori lilimwaga mchanga wa mto kwenye jengo jipya karibu na kituo chetu cha basi, na mvua ikaupiga usiku kucha. Asubuhi nilipopita nikasimama. Udongo ukilowa hunukia kama chakula, lakini mchanga uliolowa hunukia chuma na jiwe, kama kisu kilichotoka kuoshwa. Nilisimama pale mpaka fundi mmoja akaniuliza, "Mathe, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimechelewa kazini, na huwa sichelewi.

Sisi tuliokulia Eastlands tulijua maji kwa rangi. Mfereji ulikuja siku mbili kwa wiki. Kwanza ulikohoa hewa, kisha ukatema kutu, kisha yakaja maji ya rangi ya chai ya maziwa, na wakati wa masika yalikuwa mazito kiasi kwamba ukiyaacha kwenye sufuria asubuhi unakuta tope nene kama kidole. Mfereji ukikauka tulikwenda kwenye bomba lililopasuka kando ya reli. Ulikinga, ukachemsha kama una mafuta ya taa, ukanywa. Kama huna, ulikunywa tu.

Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke wa Kiswahili, mjane, mzaliwa wa Majengo, aliyeolewa akaletwa kwenye estate yetu kabla mama yangu hajazaliwa. Marehemu mume wake alifanya kazi ya kusafisha maji katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na alipokufa alimwachia ujuzi wake pamoja na mapipa matatu ya buluu, gunia la shabu na mrija. Mapipa yalikaa uani kwake, nyuma ya lango la mabati. La kwanza lilikuwa la kukorogea. La pili lilijaa mchanga juu na kokoto chini. La tatu lilikuwa na koki, na hapo ndipo watu walipokinga, mtungi mmoja mmoja, maji meupe kabisa.

Shabu mnaijua, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hulitumia kuzuia damu. Bi Mwanaidi aliitwanga, akaipima kwa kofia ya chupa, akaimimina katika pipa la kwanza, akachukua mwiko mrefu.

"Kwanza upesi, kama unasonga ugali wa watu kumi," alinifundisha. "Kisha polepole, kama uji wa mgonjwa. Wajua kwa nini polepole?"

"Sijui, Bi."

"Uchafu wa maji ni kama mayatima. Kila mmoja anaelea peke yake, hana pa kwenda, hana uzito. Shabu inawashikanisha mikono. Wakishikana wanakuwa wazito, wanalala chini. Sasa wewe ukikoroga kwa hasira unawaachanisha tena. Umefahamu?"

Nilisema nimefahamu. Ukweli ni kwamba nilidhani ananitukana. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, baba kabla yake, na kila aliyetamka neno yatima mbele yangu nilimhesabia kosa. Usiku niliwatazama Ndinda na Mutiso wamelala godoro moja, nikajiuliza ni yupi kati yetu aliyekuwa uchafu.

Tuliishi katika chumba ambacho mama mdogo, dada wa mama, alikilipia kodi kwa sharti kwamba tusimfuate kwake. Vyombo vya mama alikuja kuvichukua wiki ya mazishi, pamoja na jiko. Alituachia sufuria mbili na leso moja. "Wewe ndiye mkubwa," aliniambia mlangoni, "wewe ndiye mama yao sasa." Alisema kama mtu anayenipa zawadi.

Niliingia kwa Bi Mwanaidi kwa sababu ya macho yake. Asubuhi moja nilikuwa wa kwanza kufika, lango liko wazi kidogo, nikamwona ameshika mrija kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa wa kulia, akimimina maji, na maji yote yanapita pembeni yakimwagikia miguu yake. Aliendelea kumimina. Alidhani mrija unajaa.

"Bi," nikasema, "unamwaga."

Alishtuka. Kisha akauliza, "Uko peke yako?"

Nilipomwambia ndiyo, akanivuta ndani akafunga lango. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakuna mtu pale mtaani aliyejua. Alitembea uani kwa kuhesabu hatua, akawatambua wateja kwa sauti, akazijua noti kwa ukubwa wake. Nani angenunua maji safi kwa mtu asiyeona kama ni safi?

Kwa hiyo mimi nikawa msomaji wa mrija. Ulikuwa wa plastiki nene inayoonyesha, mrefu kama mkono wangu, na chini kabisa ndani yake kulikuwa na alama nyeusi ya mistari miwili iliyokatana. Nilipouita msalaba alinikatiza: "Si msalaba, mwanangu, ni kujumlisha." Ubavuni marehemu alikuwa amechora mistari kwa msumari, mmoja hadi kumi, kutoka chini kwenda juu. Unamimina maji polepole huku ukichungulia kwa juu. Alama ikianza kufifia unapunguza mkono, ikipotea unaacha, na mstari uliofikia ndiyo namba ya maji. Maji machafu hufuta alama mapema, kwenye mstari wa pili au wa tatu. Maji mazuri hukuacha uione mpaka kumi.

Nilisoma kila alfajiri, kabla ya lango kufunguliwa. Nilimwambia namba, naye akaiandika kwa chaki kwenye mlango, kubwa, maana mkono wake ulikuwa bado unajua kuandika. Watu walipokuja waliuliza, "Leo ngapi?" na yeye akajibu kwa madaha, "Leo tisa, Alhamdulillahi." Ikishuka chini ya saba hakufungua koki. "Maji hayajalala," alisema, "rudini jioni." Wakanung'unika, wakarudi.

Malipo yangu yalikuwa mitungi miwili kila siku. Ninyi mliolelewa na mama hamwezi kujua mitungi miwili ya maji safi ni kitu gani kwa watoto watatu. Nilimwogesha Mutiso. Nilifua sare zetu mara mbili kwa wiki. Mwalimu, aliyezoea kunisimamisha nyuma ya darasa kwa sababu ya harufu, alinirudisha kwenye dawati la katikati. Nilikuwa na kazi, na kwenye kazi hiyo kulikuwa na mtu mzima aliyenihitaji. Ndinda aliniuliza kwa nini natembea nimeinua shingo.

Aliyeniharibia alikuwa Mama Shiro, ingawa siwezi kumwachia mzigo wote. Shule zilikuwa zimefungwa, masika yamekolea. Alikuja kukinga, akawa na haraka, na Bi Mwanaidi alipoingia ndani kutafuta chenji, Mama Shiro akafunua kifuniko cha pipa la pili.

"Wee! Njooni muone!" aliwaita wenzake wa foleni. "Hivi ndivyo tunavyokunywa! Makamasi!"

Nilichungulia. Juu ya mchanga, chini ya maji, kulikuwa na utando wa rangi ya kijani na kahawia, laini, unaoteleza, kama ulimi wa ng'ombe. Nilikuwa sijawahi kuutazama. Kazi yangu ilikuwa pipa la tatu.

"Funika, Mama Shiro," mwanamke mmoja alisema, "maji si ni masafi? Umeona namba."

"Namba haiondoi makamasi. Huyu nyanya amezeeka. Nyumba yenyewe hafagii." Akanitazama mimi. "Na wewe unakujanga hapa kufanya nini, kama hata kusafisha huwezi? Ama mama yako hakukufundisha?"

Hakusema marehemu mama yako. Alisema mama yako, kana kwamba alikuwa nyumbani ananisubiri.

Hili ndilo nililolielewa kwa akili ya miaka kumi na miwili: kwamba Bi Mwanaidi hajui. Kwamba uchafu ule umeota pale kwa sababu haoni, kama vumbi linavyojaa chini ya kitanda cha mzee, na kwamba watu wakiendelea kufunua kifuniko watajua macho yake yamekufa. Sikumwambia. Mtoto hamwambii mtu mzima kwamba chombo chake kinanuka. Unakiosha tu, unanyamaza, na hiyo ndiyo adabu.

Jumatatu alikwenda kliniki ya macho, akasindikizwa na mpwa wake kutoka Majengo. Akaniachia lango. Nilimfunga Mutiso kamba kiunoni asiende barabarani, nikamtuma Ndinda anunue sabuni ya unga kwa hela ya mkate wetu, nikafanya kazi mpaka alasiri. Niliukomba utando wote kwa mikono nikautupa mtaroni. Nilitoa mchanga kwa karai, karai baada ya karai, nikausugua kwa sabuni jinsi nilivyosugua sufuria, nikausuuza kwa maji ya pipa la kwanza, nikaurudisha. Mgongo uliuma kama umevunjika. Nilipomaliza, mchanga ulimetameta. Ndinda alisema, "Dada, ni kama sukari." Sijawahi, kabla wala baada, kujivunia kazi ya mikono yangu kama nilivyojivunia mchanga ule.

Jumanne alfajiri nilimimina maji kwenye mrija. Alama ikapotea kwenye mstari wa tatu.

Niliyamwaga, nikaufuta mrija kwa leso, nikarudia. Tatu.

"Ngapi, mwanangu?" Alikuwa amesimama mlangoni na chaki.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa kuwa pale sikuwa. Sikuchanganyikiwa. Nilijua tatu ni nini. Nilijua kwamba nikisema tatu atauliza sababu, ataingiza mkono kwenye mchanga, atajua nimegusa kitu nisichoambiwa niguse. Nilijua kwamba koki itafungwa, na mitungi yangu miwili itafungwa nayo. Nikawaza kwamba mchanga ni mpya, utazoea, kesho namba itapanda.

"Nane," nikasema.

Akaandika nane. Sauti ya chaki ile kwenye mbao bado naisikia.

Kwa macho ya haraka maji yalikuwa meupe vya kutosha, na watu waliamini mlango kuliko mtungi. Jumatano ilikuwa tatu tena. Nikasema nane. Alhamisi haikufika hata tatu, alama ilipotea kwenye mstari wa pili, na mimi nikasema tisa, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba uongo mkubwa hauulizwi maswali zaidi ya mdogo. Bi Mwanaidi alifurahi. "Tisa, na mvua yote hii! Una bahati, mwanangu. Mume wangu angekupenda." Akanipa kipande cha halua alicholetewa na mpwa wake. Nikakila kabla ya kufika nyumbani, peke yangu.

Ijumaa Mutiso aliamka amejiharishia. Kufikia Jumamosi nyumba sita zilikuwa na mgonjwa, na Kevo, mtoto wa pekee wa Baba Kevo, mwenye miaka mitatu, alikuwa hospitalini. Mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika kama ni maji yale. Wiki hiyohiyo mtaro wa choo ulikuwa umefurika, na watoto wote walicheza pale. Nimejaribu kuushika mtaro ule kama kamba ya kuniokoa. Haunishiki. Mutiso hakucheza mtaroni. Alikuwa amefungwa kamba, nami ndiye niliyemnywesha.

Ndipo wakaja, Jumapili baada ya misa.

"Hodi! Wewe mama wa maji!"

"Karibuni," Bi Mwanaidi alisema. Alikuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini. "Salama?"

"Salama ya nini?" Baba Kevo alikuwa mtu mkubwa, mpole sokoni, mtu wa kuwatupia watoto mifupa yenye nyama. Sauti yake siku ile sikuijua. "Mtoto wangu amedungwa sindano ya maji kichwani, kichwani, wewe unaniuliza salama?"

"Subhanallah. Kevo?"

"Usitaje jina lake."

"Si nilisema?" Mama Shiro alikuwa anamweleza dada yake, lakini kwa sauti ya kila mtu. "Si nilisema makamasi? Wakaniona mimi ni mchawi."

Njoro hakuwa na mgonjwa yeyote. Alikuja kwa sababu kila mtungi uliojazwa kwa Bi Mwanaidi ulikuwa mtungi ambao mkokoteni wake haukubeba. Alisimama langoni akitafuna kijiti, akasema, "Si apime. Ati yeye ni mtaalamu. Apime tuone."

Baba Kevo alichukua mrija kutoka msumarini. Akatoka nje ya lango, akachota nao maji ya dimbwi la barabarani, ya rangi ya chai, akarudi akaushika mbele ya uso wake.

"Soma."

Niliona anachofanya. Sote tuliona. Bi Mwanaidi aliinama kama alivyoinama miaka yote, jicho moja juu ya mdomo wa mrija, jingine amelifumba. Alikaa hivyo kwa muda unaostahili. Hata alikunja uso kidogo, kama mtu anayetafuta kitu chembamba.

"Tisa," akasema.

Dada wa Mama Shiro ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha wote. Ndinda naye alicheka, kwa sababu watoto hucheka wakubwa wakicheka, nikamfinya mpaka akaacha.

"Tisa! Hii hata punda atakataa!" Njoro alijipiga mapaja. "Ongeza sukari basi, mathe, tunywe!"

Bi Mwanaidi alisimama wima, akageuza uso huku na huku, akitafuta kicheko kinatoka wapi. Baba Kevo hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Wewe, msichana wa marehemu Mwende. Uko hapa kila siku. Huyu mama anaona?"

Ningesema anaona, wangejua ni uongo, wangeendelea kunihoji. Nikisema haoni, nitakuwa nimesema kweli, na anayesema kweli huachwa aende zake. Nilihesabu hayo yote huku Mutiso akihema kwa moto shingoni mwangu. Nilikuwa mwepesi wa hesabu.

"Haoni," nikasema. Na kwa sababu walinyamaza wote kunisikiliza, na kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikilizwa na watu wazima, nikaongeza, "Haoni kitu. Hata mimi hanioni. Ananijua kwa sauti tu."

"Yesu!" alisema Mama Shiro.

Bi Mwanaidi aliinua uso. Aliwaambia wao: "Macho ni kweli. Lakini kazi yangu ni mkono. Njooni hapa muone." Akahesabu hatua nne hadi pipa la pili, akafunua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nadhani alitaka kuwaonyesha utando, awaeleze kazi yake, awape mkononi kile ambacho mume wake alimpa. Mkono ulifika chini ukasimama. Ukapapasa, ukaenda kulia, ukaenda kushoto. Akautoa umejaa mchanga mweupe, akausugua kwa vidole, akauleta puani.

Sabuni haitoki kwenye mchanga upesi.

Mutiso alikohoa mgongoni mwangu, na uso wa Bi Mwanaidi ukageuka taratibu kuelekea kikohozi kile, ukasimama juu yangu. Sijawahi kutazamwa na mtu anayeona kama nilivyotazamwa na yeye.

"Sasa kama huoni," Baba Kevo alisema, "hizi namba nani anasomanga? Nani?"

Maneno mawili. Ni mimi.

"Ni mimi," alisema Bi Mwanaidi. "Nilikuwa nakisia."

Baba Kevo alimsukuma. Si kwa nguvu nyingi, lakini hakuna anayejua kiasi cha nguvu cha kumsukuma mtu asiyeona mkono unakotoka. Alianguka juu ya ungo, mchele ukatawanyika. Kisha wakayaangusha mapipa, la tatu, la kwanza, na mwisho la pili, ambalo lilikuwa zito, ikabidi Njoro na Baba Kevo washikane. Maji yalitufika miguuni. Mchanga ukamwagika uani kote, mweupe, unameta juani.

Mama Shiro aliushika. "Lakini mbona mchanga wenyewe ni msafi hivi?" akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa kwa kazi yangu, na niliisikia.

Mrija ulibiringika ukagusa kidole changu cha mguu. Nikauchukua nikauficha ndani ya leso, kati ya mgongo wangu na tumbo la Mutiso. Hakuna aliyeniona. Bi Mwanaidi alikuwa chini, anapapasa ardhini, anakusanya mchele punje kwa punje kutoka kwenye tope. Nikawashika wadogo zangu tukaenda nyumbani.

Mpwa wake alikuja kumchukua siku mbili baadaye. Mutiso alipona. Kevo alirudi siku ya nne, amepungua, amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Watoto walichezea mchanga ule mpaka mvua ikaumaliza. Shule zilipofunguliwa, bila mapipa, mimi nilirudi kwenye bomba la reli, safari tatu kabla ya kengele ya shule, na kila nilipochelewa nilichapwa, na nilipowahi nilinuka. Muhula haukuisha nikiwa darasani. Watu husema niliacha shule kwa ajili ya wadogo zangu, na hunisifu. Mimi nawaacha waseme.

Nimewalea wote wawili. Ndinda amemaliza chuo. Mutiso ana pikipiki yake. Sijawahi kuwaacha hata siku moja, na sisemi hivyo ili nisamehewe, nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa mtu mzima, kibarua wa usafi katika kiwanda kimoja, nilipotumwa kufagia karibu na matangi ya maji. Nikaona mchanga, na juu yake utando uleule. Nikachukua brashi.

"Mama, weka hiyo chini!" Mzee wa zamu alikuja mbio. "Usiguse huo ute. Huo ndio unaofanya kazi. Mchanga peke yake ni mlango wazi tu. Huo ndio unaokamata vitu vidogo ambavyo macho hayaoni. Ukiuosha leo, inachukua wiki kadhaa kuota tena."

Niliweka brashi chini. Akaniuliza kama naumwa. Aliniruhusu nikae.

Sasa nina mapipa yangu matatu, nyuma ya chumba. Si ya biashara. Nakoroga kama uji wa mgonjwa, na mchanga siuoshi, naukwangua juu juu tu unapoziba, kisha nasubiri. Nasoma mrija kila asubuhi mara mbili. Kila Ijumaa Mutiso hupeleka mtungi mmoja Majengo, kwa bibi mmoja mzee anayeishi na mpwa wake. Hajui ni nani kwetu. Alikuwa mdogo mno siku ile, na mimi sikumwambia.

Kwa miezi mingi bibi alipokea akashukuru. Kisha Ijumaa moja Mutiso akarudi akasema, "Dada, yule bibi anauliza, haya maji nani anasoma?"

"Umemjibu nini?"

"Nimesema sijui. Kwani maji yanasomwa?"

Nilimwambia amjibu kwamba nasoma mimi, na kwamba ni kumi. Ijumaa iliyofuata alirudi anacheka.

"Ati anasema ya leo anaiamini. Anataka umtumie ile ya siku zile. Dada, ni namba gani? Ya simu?"

"Mwambie nitamtumia."

Nimesema nitamtumia Ijumaa nyingi sasa. Na kila Ijumaa, anasema Mutiso, bibi anauliza, hakasiriki, anauliza tu kama alivyouliza mlangoni na chaki mkononi.

Jumanne ilikuwa tatu, Bi. Jumatano tatu. Alhamisi ilikuwa mbili. Nimeiandika hapa, kwenye karatasi, ambapo wewe huwezi kuisoma. Kesho ni Ijumaa, na mtungi nimeshaujaza.